Stelingi Isiyokuvuta Mkono Ni Kibodi ya Duara

Najua wengi wenu mko kwenye msako wa notisi, UE zinanukia, lakini hili limenikaba kooni wiki nzima nikaona bora niliseme kisha nikasome kwa amani. Msimamo wangu ni huu: kama hela yako ni ya kuunga unga, usinunue stelingi mpya ya gemu ambayo haina mota ndani. Tafuta ya mtumba yenye mota. Ukiikosa, baki na pedi yako na maisha yaendelee. Mengine yote ni maelezo, na maelezo leo ninayo mengi, kaeni mkao wa kula.

Chanzo cha yote ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ana kibanda cha gemu pale Kasulu mjini. Si kibanda cha kutisha. Ana PS2 mbili za kale, PS3 moja na kompyuta ya mezani ya mtumba ambayo ukiiwasha inaunguruma kama mashine ya kukoboa mahindi. Vijana wanakuja kupiga mpira, mechi shilingi 300, anayefungwa anampisha mwenzie. Sasa wateja wameanza kuulizia magari, na mwenzetu mmoja wa mjini hapo kashawaambia kwamba kuna stelingi na pedali kabisa kama gari. Binamu akaona biashara. Shangazi kauza maharage, kamtengea 280,000. Akanipigia: "Dada, wewe uko Dar, Kariakoo pua na mdomo, niangalizie stelingi nzuri ya bei ya kawaida."

Jamani, laki mbili na themanini! Kwa mtu anayeishi kwa bumu kama sisi hiyo ni hela ndefu, na kwa shangazi ni gunia na gunia. Kwa bei ya binamu ya shilingi 300, inabidi watu wakimbize magari mara 934 ndipo stelingi irudishe hela yake, na hapo hujalipa umeme. Wakicheza ishirini kwa siku bila kukosa, ni siku 47. Kitu chochote kitakachoingia pale kibandani lazima kiwe na uwezo wa kumfanya mtoto wa watu arudi kesho yake, na keshokutwa, na wiki ijayo.

Hapa hosteli Chang'ombe tulibishana mpaka saa saba usiku. Kundi la kwanza likiongozwa na mwenzangu wa chumba: stelingi ni stelingi, kitu cha duara chenye pedali, chukua mpya iliyo ndani ya boksi, mteja akiona boksi roho inatulia. Kundi la pili ni jamaa mmoja anayesoma uhandisi, alikuja kufuata wali akabaki kwa ubishi: yeye anasema binamu asubiri, ajichange, anunue zile ambazo mota imeunganishwa moja kwa moja na usukani, za akina Moza na Fanatec. Huyu wa pili simjibu kwa urefu. Ukiongeza hela ya stelingi hizo kwenye mtaji wa binamu unapata kibanda kingine kizima, na televisheni yake, na benchi la kukalia.

Wa kwanza ndio hatari, kwa sababu anachosema kinaingia akilini.

Stelingi za bei ya chini kabisa ndani yake hazina kitu. Kuna springi au mpira unaorudisha usukani katikati ukiuachia, na kifaa kidogo kinachosoma umegeuza kiasi gani. Basi. Thrustmaster T80 inazunguka nyuzi 240 tu, Hori Apex ni 270, PXN V3 ni 180, yaani nusu duara. Stelingi ya gari la kawaida inazunguka karibu mara mbili na nusu hadi tatu kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia, kwa hiyo ni nyuzi 900 na kwenda mbele. Lori ndio usiseme. Ukiendesha gari la gemu kwa nyuzi 180, ukikohoa tu umeshaingia mtaroni.

Mtego wenyewe hasa unaitwa PXN V9. Hii wameitengeneza ikakaa sawa kwa macho: ina pedali tatu, klachi ipo, ina mti wa gia pembeni, na ina kitufe cha kuchagua nyuzi 270 au 900. Ukiiona dukani unasema hii ndiyo yenyewe. Lakini nayo haina mota ya kukuvuta. Inatetemeka tu, kama simu iliyowekwa mtetemo. Ukigonga ukuta inatetemeka, ukipanda ukingo wa barabara inatetemeka. Matairi ya mbele yakianza kuteleza kwenye kona, usukani mkononi mwako unabaki na uzito ule ule wa springi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Walioziunda zile za mota wanaita fosi fidibaki, sisi tuseme mrejesho wa nguvu. Gemu inakokotoa tairi linafanya nini barabarani, inaiambia mota, mota inausukuma usukani dhidi ya mikono yako. Mimi sikuhitaji mtu anifafanulie hilo. Kwetu ni Kibondo. Nimekua nikipanda lori la mjomba, mbele, katikati yake na utingo, Kasulu kwenda Kibondo kabla lami haijaanza kuwekwa. Ukishapita Makere unaianza ile barabara ya udongo mwekundu, Mvugwe, Njiapanda ya Nduta, na kama ni masika basi mnaomba Mungu. Mjomba alikuwa hashiki usukani kwa nguvu. Anaulegeza, anauacha ucheze kidogo viganjani, halafu ghafla anaubana. Nilimuuliza siku moja mbona unaubana kabla hatujateleza. Akasema, "Mwanangu, tairi likipoteza ardhi stelingi inakuwa nyepesi. Ukingoja uone kwa macho umechelewa."

Hiyo sentensi ya mjomba ndiyo kozi nzima ya kuchagua stelingi ya gemu. Stelingi inakuwa nyepesi kabla jicho halijaona. Ile ya springi haiwezi kuwa nyepesi, kwa sababu springi haijui gari liko wapi. Sasa unaendesha kwa macho tu, na kama ni kwa macho tu, kibodi na pedi zinatosha kabisa, tena pedi ni nyepesi kuliko kuhangaika na pedali za plastiki zinazokimbia chini ya meza. Ndiyo maana nasema ni kibodi ya duara.

Wanaelimu wenzangu hapa mtanielewa upesi. Sisi neno mrejesho tumelishiba, kila somo la saikolojia limo. Mnamkumbuka Thorndike na mistari yake? Aliwafunga watu macho, akawaambia wachore mstari wa urefu fulani, mara mia na mia, bila kuwaambia kama wamepatia. Walichora weee, mwisho wakawa pale pale walipoanzia. Kufanya mara nyingi peke yake hakukuwafundisha kitu. Sasa mteja wa binamu ni yule yule aliyefungwa macho. Siku ya kwanza atafurahi kushika usukani, atapiga picha na simu. Siku ya tatu anagundua kwamba kila kona anabahatisha na rafiki yake mwenye pedi anampita kama amesimama. Siku ya nne karudi kwenye mpira, na stelingi imekuwa pambo la kuvutia vumbi.

Mwenye mota anaboreka. Anaboreka polepole, kwa aibu kidogo, lakini anajihisi anaboreka, na mtu anayejihisi anaboreka analeta shilingi 300 nyingine. Hapo ndipo ilipo biashara ya shangazi.

Nitende haki kwa upande wa pili, wana hoja mbili. Moja, umeme. Stelingi isiyo na mota inakula umeme wa USB peke yake, unaweza kuichomeka kwenye laptopu yenye chaji hata umeme ukikatika. Yenye mota inataka adapta yake ukutani. Ni kweli. Ila kibandani umeme ukikatika hata kompyuta ya mezani na televisheni zimezimika, kwa hiyo mtakaa wote gizani mnapiga stori. Mbili, waranti. Wanasema kitu kipya kina waranti na mtumba hauna. Haya, kitu kiharibike Kasulu, ukifungashe, ukipakie basi zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Kariakoo, umkute muuzaji yuko pale pale na anakukumbuka. Mimi waranti ya namna hiyo siihesabu.

Basi mtumba upi? Kwa hela ya binamu majina ni matatu, yote ya Logitech: Driving Force GT, G25 na G27. G25 ilitoka mwaka 2006 ikiuzwa dola 299.99 huko Marekani, kwa hiyo haikuwa kitu cha mchezo. Zote tatu zinazunguka nyuzi 900 na zote zina mrejesho wa nguvu. G25 na G27 zina pedali tatu na mti wa gia. Driving Force GT ina pedali mbili, na gia yake ni ya kusukuma mbele na nyuma. Kwa binamu kuna tamu ya ziada: zinakubali PS3 pamoja na kompyuta, na yeye vyote anavyo. PS4 ndiyo hazikubali, kwa hiyo wenye PS4 msinunue halafu mnitukane. Kwenye kompyuta inataka programu ya zamani inayoitwa Logitech Gaming Software. Ukishaiweka, ingia humo uhakikishe nyuzi zimewekwa 900, maana wengi wanaacha ilivyo kisha wanalalamika stelingi ina wazimu.

Mwenye hela zaidi aende G29 ya mwaka 2015 kama ana PlayStation, au G920 kama ana Xbox, asizichanganye, kila moja inamkataa wa mwenzie, ingawa kompyuta inazikubali zote mbili. Mpya ya bei ya chini yenye mota ya kweli ni Thrustmaster T128, ilitoka 2022 kwa dola 199.99. Hiyo kwa shilingi ni kama laki tano kabla ya usafiri na mengineyo, kwa hiyo shangazi aongeze maharage.

Mtumba unanunuliwa kwa mikono, si kwa picha. Usilipe hela kwa kitu ambacho hujakiona kinazunguka. Beba laptopu yako mpaka kwa muuzaji, chomeka adapta, chomeka USB. Stelingi hizi zikipata umeme zinazunguka zenyewe, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, kisha zinasimama katikati. Muuzaji hawezi kuigiza hiyo. Isipozunguka, mwambie asante kaka, ondoka. Ikizunguka lakini ikasimama upande, au ukicheza kidogo katikati inahama, kwenye G25 na G27 mara nyingi ni kile kisahani kidogo cha plastiki kwenye mhimili wa mota, kinachohesabu mzunguko, kimepasuka. Kipuri kipo na fundi mwenye subira anakibadilisha, ila bei lazima ishuke. Halafu kwenye Windows andika joy.cpl pale pa kuendeshea programu, kitafunguka kidirisha kinachoonyesha kila kitufe na kila pedali. Kanyaga breki taratibu. Mstari ukipanda vizuri, sawa. Ukirukaruka kama panzi, kile kifaa cha kusoma pedali, potenshiometa, kimejaa uchafu.

Na hapo pa uchafu nitakaa kidogo, kwa sababu wa Dar hawatuelewi. Vumbi la Kasulu na Kibondo mnalijua nyie mliozaliwa huko. Lile jekundu, linaingia hadi kwenye sanduku lililofungwa, shati jeupe la shule linakuwa la kaki kabla ya Juni. Sasa pedali zinakaa sakafuni, na watu wanaingia na viatu kutoka nje. Potenshiometa inasoma kwa kugusa, kitu kinasugua juu ya kitu, vumbi likiingia katikati usomaji unaruka. Nimemwambia binamu mambo matatu: kipande cha zulia la zamani chini ya pedali, mteja anavua viatu, na usiku anafunika kwa kitambaa. Dawa ya kupulizia ya kusafishia viungio vya umeme inauzwa kwa mafundi redio, atatumia mara chache kwa mwaka. Mteja akikataa kuvua viatu acheze mpira.

Adapta nayo isomwe. Vitu vya mtumba vinatoka kila pembe ya dunia, na vingine vilitengenezewa nchi za umeme wa volti 110 au 120. Pale mgongoni mwa adapta pameandikwa. Kama ni 100 mpaka 240, sawa. Kama ni 120 tu, ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utasikia harufu, na hiyo ndiyo itakuwa mbio yako ya mwisho.

Meza vilevile. Stelingi yenye mota inapigana na wewe, na kama imefungwa kwenye meza ya plastiki itaondoka na meza. Kasulu mafundi seremala wamejaa, mbao si shida. Atengenezewe meza nzito, ubao wa juu usiwe mnene kupita vishikio vya stelingi, na chini kuwe na ubao wa kuzuia pedali zisirudi nyuma mtu akikanyaga breki. Hiyo meza isitoke kwenye ile 280,000, nimeshaongea na shangazi, amesema mbao anazo uani.

Kuna jambo lingine limeniudhi katika ubishi wetu. Mtu mmoja akasema binamu aandike kwenye bango kwamba anafundisha udereva. Aache kabisa! Stelingi nzuri itamfundisha mtoto mpangilio wa gia, mguu wa klachi na kutazama mbali kabla ya kona. Haimfundishi pikipiki inayochomoka kichakani bila taa, wala ng'ombe, wala mzee mwenye baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi upande mmoja. Kijana akitoka kibandani akiamini ni dereva, kisha akapewa funguo za Noah ya mjomba wake, hapo hatuzungumzii tena shilingi 300.

Kuhusu gemu zenyewe, kompyuta ya binamu ni ya zamani kwa hiyo tusiote ndoto. Safari Rally ya kina Joginder Singh, ile iliyoanza 1953 ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kutoka 2002, na njia zake za Kenya zimo ndani ya WRC 9 ya 2020 na EA Sports WRC ya 2023. Mashine ya binamu ikiambiwa iendeshe hizo itaomba likizo. Ila Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 nayo ina Kenya, na hiyo hata kompyuta ya kale inaimudu. Live for Speed inatoa sehemu ya bure, magari matatu na uwanja mmoja wa Blackwood, na kwa kuuhisi usukani mkononi sijaona gemu nyepesi inayoizidi. Aanze na hiyo kabla hajalipia chochote.

Kisha Euro Truck Simulator 2 ya mwaka 2012, na hapa ndipo nina uhakika vijana wa Kasulu watapanga foleni, maana huko kwetu shujaa ni dereva wa lori, Formula One wataijulia wapi. Kama mashine inaikubali, amwanzishie mteja kazi kule Uingereza. Kule wanapita kushoto kama sisi, na kwenye mpangilio wa lori kuna kibanda cha usukani wa kulia, hivyo mtoto anakaa upande ule ule anaokaa dereva wa kweli pale stendi. Amfungie tela zito, ampe barabara yenye vilima, na amwambie aulegeze usukani kidogo viganjani.

Jumamosi naenda Kariakoo na laptopu begani, anayejua mtu mwenye G25 au Driving Force GT inayozunguka yenyewe anishtue mapema. Nawakilisha.